TAVETA: MJI WETU ULITOKA WAPI, UNATUNZWA NA NANI, NA TUKO WANGAPI?

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliposema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza baada ya kuaibika, na haya niliyoyapata nimeona si vyema nikae nayo peke yangu.

Mama yangu huuza ndizi katika soko la Taveta. Siku za soko letu ni Jumatano na Jumamosi, na kwa kuwa mimi nasoma shule ya kutwa, kila Jumamosi huenda kumsaidia kupanga mikungu. Wakati wa masika yaliyopita, mtaro ulio karibu na meza yake uliziba. Maji machafu yakafurika mpaka wateja wakawa wanapita mbali wakiwa wameshika pua. Mama na wenzake wakaniita, wakaniambia, "Wewe mwanetu si unasoma? Tuandikie barua basi."

Nikaandika barua rasmi kama tulivyofundishwa darasani. Nikaweka anwani mbili, tarehe, na kichwa nikakipigia mstari kwa rula. Katika anwani ya pili niliandika hivi: Karani wa Mji, Baraza la Mji wa Taveta. Kisha nikaipeleka mjini nikiwa nimenyoosha shingo kama wakili.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akingojea shughuli zake aliniomba aisome. Alipofika kwenye anwani alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu," akaniambia, "huyu uliyemwandikia hayupo. Baraza la mji lilikwisha mwaka wa 2013. Barua yako umemwandikia marehemu!"

Jamani, niliona haya. Nimezaliwa mji huu, nimekulia mji huu, lakini sikujua nani anautunza. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza wazee, walimu na vitabu. Maswali yangu yalikuwa matatu, na ndiyo haya ninayoyajibu hapa.

CHIMBUKO LA MJI

Kwa msomaji asiyeufahamu mji wetu, Taveta iko katika Kaunti ya Taita Taveta, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Kutoka Voi mpaka hapa ni kama kilomita 110. Ukivuka mpaka unaingia Holili, na kutoka hapo Moshi si mbali. Kaskazini tuna Ziwa Chala, kusini tuna Ziwa Jipe, na mto Lumi unateremka mpaka kuingia Jipe.

Ukitoka Voi kwa matatu unapita nchi kavu, miiba na vumbi, na sehemu ya njia inapita ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Halafu ghafla unaona migomba. Wageni wengi hushangaa. Siri yake ni hii: maji ya Kilimanjaro hupita chini ya ardhi, kisha yanabubujika huku kwetu katika chemchemi kama Njoro Kubwa. Kwa hiyo kama mji una mama, basi mama wa Taveta ni maji.

Wenyeji wa kwanza wanaojulikana ni Wataveta. Hapa niseme jambo moja ambalo hata darasani watu hukosea. Wataveta si Wataita, ingawa jina la kaunti linawaunganisha. Kitaveta ni lugha yake na Kitaita ni lugha yake. Wataveta waliishi ndani ya msitu mnene kando ya mto Lumi. Walitoka sehemu mbalimbali, wengine Upare, wengine Uchagani, wengine Taita, Ukambani na hata kwa jamii za Wamaasai, wakaingia msituni kutafuta usalama na maji. Msitu ulikuwa ndio ukuta wao. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo waliokaa pamoja na kushauriana. Hivyo ukiniuliza serikali ya kwanza ya mji huu ilikuwa gani, nitakujibu ilikuwa kikao cha wazee.

Katika karne ya 19 wakaja watu wa misafara. Hawa walitoka pwani, Mombasa na Pangani, wakielekea Kilimanjaro na Umaasaini kutafuta pembe za ndovu. Baada ya siku nyingi za kiu nyikani, Taveta ilikuwa kama peponi. Walipumzika, wakanunua ndizi na vyakula vingine, wakapanga mizigo upya. Mskoti Joseph Thomson alipita hapa mwaka wa 1883, Harry Johnston akaja 1884, na mwaka wa 1887 akaja Count Teleki. Wote walikuja kwa njia za wapagazi, na lugha ya njia hizo ilikuwa Kiswahili. Kwa hivyo wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, msidhani Kiswahili kililetwa Taveta na shule. Kilikuja kikiwa kimebeba mzigo kichwani!

Mwaka wa 1892 wamishenari wa CMS waliokuwa Moshi walihamia Taveta, na mwaka wa 1895 wakaanza kuchapisha gazeti lililoitwa The Taveta Chronicle. Hebu fikiria, reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Kabla Nairobi haijawa mji, Taveta palikuwa na gazeti. Nilipolisoma jambo hili nilifurahi sana, maana hata gazeti letu hili la chama limepata babu.

MPAKA, VITA NA MKONGE

Mambo matatu yaligeuza kambi ya wapita njia kuwa mji.

La kwanza ni mpaka. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi hizi. Mstari wao ulipita Ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Watu waliokuwa wakibadilishana ndizi na mbuzi bila kuulizwa chochote wakajikuta wako katika nchi mbili. Lakini mpaka una maajabu yake. Unatenganisha watu, kisha unawaletea biashara.

La pili ni vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mwezi wa Agosti 1914, na wakaushikilia mpaka Machi 1916. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa vita vikali katika kilima cha Salaita, na Waingereza wakashindwa siku hiyo. Mwezi uliofuata walipigana tena katika vilima vya Latema na Reata, na Wajerumani wakarudi nyuma. Makaburi ya wanajeshi bado yapo hapa mjini. Kwa ajili ya vita hivyo Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuja Taveta. Reli ilikuja kubeba askari na risasi, lakini vita vilipokwisha ikabaki kubeba mazao.

La tatu ni mkonge. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape mpaka Cairo, alipata ardhi kubwa huku na kujenga jumba lake juu ya kilima. Mpaka leo tunaliita Kasri ya Grogan. Mashamba makubwa ya mkonge yalihitaji mikono mingi, na mikono ilitoka mbali. Babu yangu mwenyewe alitoka Machakos akiwa kijana, akaja kukata mkonge akisema atakaa msimu mmoja. Amezikwa hapa.

Ndiyo sababu darasani kwetu ukiita majina utamsikia Mtaveta, Mtaita, Mkamba, Mpare, Mchaga, Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu na Msomali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini nisiseme tamu tupu. Ardhi iliyogawanywa zama hizo kwa watu wachache ndiyo chanzo cha malalamiko ya mashamba mpaka leo. Zipo familia ambazo zimekaa vizazi vitatu na hazina karatasi ya kuonyesha pale wanapolala. Nyanya yangu husema, "Nimepanda miembe, nimezika mume, lakini nikiulizwa hati sina." Mji si nyumba na barabara tu, mji ni pia swali la nani ana haki ya kukaa.

MJI UNATUNZWA NA NANI?

Sasa turudi kwa barua yangu. Yule mzee aliyenicheka hakuniacha hivi hivi. Alinikalisha akanieleza.

Zamani, yaani kabla ya 2013, Taveta palikuwa na Baraza la Mji. Wananchi waliwachagua madiwani, na madiwani walikuwa na mwenyekiti wao. Karani wa mji ndiye aliyesimamia kazi za kila siku. Askari wa baraza, ambao mtaani tuliwaita kanjo, walikusanya ushuru sokoni. Vijiji vya mbali vilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Taita Taveta, na Voi kulikuwa na baraza la manispaa. Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, mpango huo ulibadilishwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza yote 175 ya Kenya yakaisha, na kazi zao zikachukuliwa na serikali za kaunti 47. Mimi wakati huo hata chekechea sijaanza. Basi barua yangu ningeiandikaje sawasawa?

Siku hizi tuna mikono miwili ya serikali, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Nitaeleza taratibu.

Mkono wa kwanza ni serikali ya kaunti. Mkubwa wake ni gavana, na makao makuu ya kaunti yetu yako Mwatate. Kaunti ina bunge lake, na kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, yule tunayemwita MCA. Kaunti nzima ina wadi 20. Katika hizo, Taveta tuna wadi tano: Chala, Mahoo, Bomeni, Mboghoni na Mata. Kwa upande wa watumishi walioajiriwa, kuna msimamizi wa kaunti ndogo, na chini yake kuna msimamizi wa kila wadi. Masoko, mitaro, taka, barabara ndogo, zahanati, maji na shule za chekechea ni kazi za mkono huu.

Mkono wa pili ni serikali ya kitaifa. Huku kuna naibu kamishna wa kaunti, kisha machifu, manaibu wao na wazee wa mitaa. Usalama, vitambulisho na shule kama hii yetu viko upande huu. Mbunge naye hutunga sheria Nairobi, na watu humjua sana kwa sababu ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge ambayo hutoa basari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiibiwa kuku usiende kwa msimamizi wa wadi. Na mtaro wa soko ukiziba usiende kwa chifu. Chifu atakusikiliza, pengine atakuonea huruma, lakini koleo haliko kwake.

Je, mji wenyewe kama mji hauna kiti? Sheria ya miji na majiji ya mwaka wa 2011 inasema kwamba mahali penye wakazi wasiopungua 10,000 panaweza kutambuliwa kuwa mji na kuwa na kamati ya kuusimamia. Kwa maneno mengine, kuhesabiwa kunaleta kiti. Hapo ndipo nikafika kwa swali langu la tatu.

TUKO WANGAPI?

Hesabu ya watu ya mwisho nchini ilifanywa mwaka wa 2019, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Nilikuwa darasa la nne. Karani wa sensa alikuja kwetu na kifaa kama simu kubwa, akauliza, "Nani walilala katika nyumba hii usiku ule?" Mama akataja mmoja mmoja. Alipofika kwa baba mdogo akasita. Baba mdogo hununua vitunguu Tanzania, na usiku ule alikuwa amelala Moshi. Basi hakuandikwa. Nyanya alikasirika sana. "Mtoto wangu ni wa hapa, mbona mnamwacha nje?" Karani akamweleza kwa upole kwamba sheria ya sensa ni kumhesabu mtu pale alipolala usiku huo. Na kwa sheria hiyo hiyo, mfanyabiashara kutoka Moshi aliyelala gesti ya Taveta usiku ule alihesabiwa Kenya. Huo ndio mji wa mpakani!

Tuje kwenye tarakimu zenyewe. Mwaka wa 2009 eneo lote la Taveta, yaani mji pamoja na vijiji na mashamba ya mkonge, lilikuwa na watu 67,665. Mwaka wa 2019 tulikuwa 91,222. Tuliongezeka kwa watu 23,557 katika miaka kumi, ambayo ni zaidi ya theluthi moja. Kaunti nzima ilitoka 284,657 ikafika 340,671, yaani nyongeza ya watu 56,014. Piga hesabu: katika kila watu kumi walioongezeka kauntini, karibu wanne waliongezeka huku kwetu.

Sasa linganisha na ndugu zetu wa milimani. Eneo la Wundanyi lilikuwa na watu 56,021 mwaka wa 2009. Mwaka wa 2019 walikuwa 55,959. Walipungua watu 62. Milimani mashamba ni madogo, na vijana hushuka kutafuta kazi mabondeni na mijini. Huku kwetu kuna maji ya kunyunyizia mashamba, kuna soko, kuna lami ya kutoka Mwatate, na kuna kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilichozinduliwa Februari 2016, ambapo msafiri anamaliza shughuli za nchi mbili mahali pamoja. Mambo haya huvuta watu, kama vile maji yalivyovuta misafara.

Je, tarakimu hizi zina faida gani kwa mama yangu na mtaro wake? Zina faida kubwa. Wadi zetu zilipangwa mwaka wa 2012 kwa kutumia hesabu ya 2009. Taveta tulipewa wadi tano, Wundanyi wakapewa nne. Ukigawa hesabu ya 2019, mwakilishi mmoja wa Taveta anasimamia watu kama 18,200, na mwenzake wa Wundanyi anasimamia kama 14,000. Simlaumu mtu, maana watu wanatembea lakini mipaka ya wadi haitembei. Pia katika fomula ya kwanza ya kugawa pesa kwa kaunti zote, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45. Maana yake, mtu asipohesabiwa, si jina lake tu linalopotea, bali pia sehemu ya dawa ya zahanati na koleo la kuzibulia mtaro. Nyanya alikuwa na haki ya kukasirika, hata kama karani alifuata sheria.

BARUA YA PILI

Nilirudi nyumbani nikaandika barua upya, mara hii kwa msimamizi wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wetu. Lakini kabla ya kuifunga, mama aliniambia niende naye kuutazama mtaro vizuri. Tukachukua fimbo, tukachokoa. Unajua kilichotoka? Majani ya migomba! Yale yale tunayofungia ndizi zetu, tunayoyatupa jioni tukienda nyumbani. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ongeza mstari hapo. Waambie na sisi tutaacha kutupa."

Nikaongeza. Wachuuzi 23 wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri. Baada ya wiki tatu walikuja watu na makoleo, wakazibua upande mmoja. Upande wa pili bado tunangojea, na kila Jumamosi jioni mimi na vijana wenzangu huyakusanya majani, tukampa mwenye ng'ombe mmoja ambaye huyapokea kwa furaha.

Nimejifunza kwamba mji hautunzwi na mtu mmoja. Wazee wa msituni walikaa pamoja, na sisi tusipokaa pamoja hata gavana hawezi kuona majani yaliyoziba mtaro wetu. Wakati huo huo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka haki yake sharti ajue mlango wa kubisha.

Kwa hayo machache nawaomba wenzangu wa kila kidato mwulize maswali haya matatu huko kwenu, iwe ni Njukini, Kitobo, Mata au Mahoo. Ulizeni wazee mapema, kabla majibu hayajazikwa pamoja nao. Na sensa nyingine ikija, tafadhali mwambieni baba mdogo alale nyumbani!

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili.